Hita ya Agosti

“Dada, samahani, AC inafanya kazi?”

Hilo ndilo swali pekee aliloniuliza kuhusu gari. Ilikuwa Agosti hapa Minneapolis, joto linanata kama la Tanga, alikotoka wiki mbili tu kabla ya hapo. Niliwasha AC, ikapuliza baridi safi. Akatabasamu. Sikuwa nimesema uongo hata neno moja.

Lakini hita ilikuwa haifanyi kazi, na nilijua.

Injini ikipata moto, maji yake hufika kama nyuzi 90 za Selsiasi. Sehemu ya maji hayo hupita kwenye mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo, ukubwa wa kitabu, iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu yake, na hiyo ndiyo hita. Machi, rejeta hiyo ilianza kuvuja. Zulia la upande wa abiria likalowa, kioo cha mbele kikajaa ukungu wa mafutamafuta, gari zima likanuka utamu wa kulanti. Gereji waliniambia dola 1,200. Kifaa chenyewe ni dola 70. Zinazobaki ni za kung’oa dashibodi ili kukifikia.

Nikafanya nilichojifunza utotoni kwenye gereji ya mjomba wangu, Temeke. Nilichomoa ile mipira miwili, nikaiunganisha kwa kipande cha bomba na klipu, maji yakawa yanazunguka bila kupita kwenye hita. Dakika 20. Temeke, fundi akifanya hivyo hajamdhulumu mtu. Ni nani atawasha hita Temeke? Minneapolis, ambako Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi, kazi ileile ni mtego. Bomba ni lilelile, klipu ni zilezile. Kilichobadilika ni maisha ya atakayeendesha.

Muhula uliotangulia tulisoma kitabu cha Cicero kuhusu wajibu, alichokiandika mwaka 44 KK. Humo kuna mtu anauza nyumba yenye kasoro anazozijua yeye peke yake. Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kunyamaza si kuficha: muuzaji hakumlazimisha mtu, na mnunuzi ana macho. Antipater anakataa. Kwake, kunyamaza hivyo ni sawa na kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea, jambo ambalo Waathene walililaani hadharani. Darasani nilimtetea Antipater kwa nguvu. Ilikuwa rahisi, sikuwa na gari la kuuza.

Jioni ile nilimpigia simu kijana wa Tanga. “Mdogo wangu, kuna kitu sijakwambia. Hita ya gari ni mbovu.”

Akacheka. “Aa, dada, hita ya nini na joto hili? Nipunguzie mia tu, yaishe.”

Hapo ndipo niliposhtuka. Nilikuwa nimetimiza agizo la Antipater, nimesema ukweli, naye ameridhia. Kwa dola mia alikuwa ameuza majira yake ya kwanza ya baridi bila kujua anauza nini. Neno “baridi” analijua, ila kwake ni baridi ya Lushoto, ya kuvaa sweta. Hajawahi kuona kioo cha mbele kikiganda kwa ndani huku gari likitembea. Nilimpa habari, maana yake sikuwa na namna ya kumpa. Maana hiyo huja Januari, mkataba ukiwa umeshasainiwa.

Basi nikaagiza rejeta. Nilichomoa waya wa betri kwanza, nikasubiri, kwa sababu dashibodi ina mifuko ya hewa inayoweza kufyatuka. Nilikinga kulanti kwenye beseni, maana ni sumu na utamu wake huvutia mbwa. Halafu siku mbili nzima, mgongo kwenye sakafu ya gari, miguu nje kwenye maegesho, nikipanga skrubu kwenye trei ya mayai na kuandika kila shimo zilikotoka. Rejeta ya zamani ilitoka ikiwa na ukoko wa kijani kwenye ukingo mmoja. Ufa wenyewe haukufika urefu wa ukucha.

Bado kuna swali linanisumbua. Yule ni mtu mzima, alisema hahitaji, alitaka punguzo. Nani alinipa haki ya kumwamulia? Huenda nilimfanya mtoto. Huenda nilikuwa nanunua usingizi wangu mwenyewe kwa dola 70. Jibu langu, kwa sasa, ni hili: mnunuzi hawezi kuuliza swali asilojua kwamba lipo. Kati yetu wawili, aliyelijua ni mimi, kwa hiyo deni lilikuwa langu. Kama angekuwa ameshakaa hapa hata Januari moja, ningempunguzia mia yake na kulala fofofo.

Alipokuja kuchukua gari, nilimtaka akae nami ndani. Niliwasha injini, nikangoja ipate moto, nikafungulia hita hadi mwisho. Nje zilikuwa nyuzi 31. Hewa ya moto ikatupiga usoni, jasho likatutiririka sote wawili. Akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

“Dada, inatosha jamani. Nimeamini.”

“Bado,” nikamwambia. “Weka mkono hapa. Hakikisha mwenyewe.”