Kifungio cha Daktari Spademan

Watu wa nchi za theluji hujifunga miguuni mbao mbili ndefu, wakateleza nazo milimani. Aangukapo mtu, na ubao usijifungue upesi, huupotoa mguu hata mfupa ukavunjika. Katika miaka ya 1970 Richard Spademan, daktari wa Marekani, alieneza kifungio kisichoshika ncha ya kiatu wala kisigino. Kilibana bamba lililotiwa chini ya soli, kipate kuuachia mguu kwa pande nyingi.

Fikira ilikuwa njema. Lakini soli zilikuwa kazi ya mafundi wengine, nao baadaye waliafikiana kutengeneza viatu vya kipimo kimoja, vilivyofaa vifungio vya ncha na kisigino. Bamba likakosa makao, na kifungio kikatoweka madukani.

Je, mafundi hao waliukataa wema? Sidhani. Kipimo kimoja kilimpa mnunuzi uhuru wa kuchagua, na uhuru huo nao ni wema. Daktari aliwataka watu wabadili kazi yao kwa ajili ya kazi yake. Hakuwa na haki ya kuwalazimisha. Hata hivyo vifungio vilivyoshinda, ingawa vimepunguza sana kuvunjika kwa miundi, mpaka leo havijaweza kuyalinda magoti.