Shaka na Uaminifu Mbele ya Hadubini

Mwanasayansi husifiwa kwa kutilia shaka. Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha kumkosoa mwanaastronomia Ptolemy, na humo akamtaka mtafuta ukweli ajitilie shaka hata yeye mwenyewe. Mwaka 1934 mwanafalsafa Karl Popper naye alishikilia kwamba nadharia isiyoweza kukanushwa haina nafasi katika sayansi. Siku ya kawaida ya kazi, hata hivyo, huendeshwa zaidi na kuaminiana: mtafiti hutumia vipimo, kemikali na takwimu za wenzake ambazo hana muda wa kuzihakiki.

Utafiti wa malaria, kama unaofanyika Ifakara na Kilifi, unalionyesha jambo hili vizuri. Tone la damu hutandazwa kwenye slaidi, hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha hutazamwa likiwa limekuzwa mara 1,000. Msomaji huhesabu vimelea huku akihesabu chembe nyeupe za damu hadi zifike 200, au 500 vimelea vikiwa vichache. Ili kukadiria wingi wa vimelea, mara nyingi huchukuliwa kwamba kila mikrolita ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Mgonjwa mwenyewe huenda ana 5,000 au 11,000. Namba hiyo ya 8,000 imekubaliwa tu ili matokeo yaweze kulinganishwa.

Jibu gumu kuliko yote ni kwamba vimelea havipo. Kimelea kimoja chatosha kuthibitisha kuwa vipo, lakini kabla ya kuandika kuwa havipo, msomaji hutakiwa kupitia angalau sehemu 100 za slaidi, moja baada ya nyingine. Macho yamechoka, slaidi kadhaa zilizotangulia zilikuwa safi, na hakuna ajuaye kama amefika 100 au ameishia 60. Wenye dini wangesema hapo yuko yeye na Mungu wake.

Tafiti makini humpa slaidi hiyohiyo msomaji wa pili, asiyejua jibu la mwenzake. Wakitofautiana sana, huitwa wa tatu. Utaratibu huu hutilia shaka macho bila kumtuhumu mtu. Lakini wasomaji wote wawili wakikatisha kazi njiani, majibu yao yataafikiana, na kuafikiana huko kutahesabiwa kuwa uthibitisho. Shaka ya kisayansi, basi, haifanyi kazi mahali pasipo na watu wakweli.

Michael Polanyi, mkemia aliyegeukia falsafa, alitetea mwaka 1958 kwamba hakuna ujuzi usiobeba dhamana ya mjuzi mwenyewe. Wapo wanaoruka kutoka hapo na kudai kuwa sayansi ni dini nyingine. Wanakwenda mbali mno. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu ambaye shaka yake ilimfikisha hadi kutoziamini hisi zake, alieleza kuwa aliponywa na nuru aliyoitia Mungu moyoni mwake, wala si kwa hoja. Nuru ya namna hiyo haiingizwi kwenye daftari la maabara. Kinachodaiwa huko ni slaidi ihifadhiwe, na namba yake isomeke, ili asiyekuwapo aweze kuirudia. Nafasi hiyo nayo ina kikomo, kwa kuwa rangi hufifia, hasa penye joto na unyevu. Ikishafifia, watafiti hawana budi kutegemea alichoandika msomaji wa kwanza.