Mwenye Kujitolea, Je, Ana Ruhusa ya Kuacha?

Kijana mmoja wa hapa kwetu Makongeni, mjukuu wa mtu wa reli kama walivyo wengi wa mtaa huu, amerejea kutoka Ujerumani, alikokaa mwaka mzima akiwahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Hakuajiriwa, alijitolea, akapewa chumba, chakula na fedha kidogo za mfukoni. Serikali ya huko iliweka utumishi huu wa hiari mwaka 2011, iliposimamisha kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Na mpango wao uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwatuma vijana wao katika nchi kama zetu, tangu 2013 huwapokea wa kwetu pia.

Mwezi wa tatu aliniandikia. Baridi imemchosha, lugha yampa taabu, na kuwaosha wazee wa watu kwamwelemea. Akauliza: "Shekhe, hili si faradhi juu yangu. Nikiliacha nina dhambi?"

Swali hili si dogo, na mafakihi walikwisha kulizungumza katika mlango wa saumu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, aliyefunga sunna akitaka atatimiza, akitaka atafungua, wala halazimiki kulipa. Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik hawakuona hivyo; kwao, ulilolianza kwa hiari limekuwa deni. Lakini wote wameafikiana kwamba aliyekwisha kuhirimia hija, ijapokuwa ya sunna, hana njia ya kuivunja kwa kupenda kwake tu.

Nilimjibu kwamba kazi yake yafanana na hija kuliko saumu. Mwenye saumu ya sunna akila mchana, hapana mtu aliyelala njaa kwa sababu yake. Lakini huko yuko mzee asiyeweza kushuka kitandani, naye kila asubuhi hungoja mkono wa kijana huyu. Haki ya mja imekwisha kuingia. Wala sikumwambia kurudi ni haramu: maradhi ni udhuru, kudhulumiwa ni udhuru. Uchovu nao wasikizwa, lakini kwanza apatikane wa kushika zamu.

Wako waliosema: kwa nini awaoshe Wajerumani, na wastaafu wetu wa reli wamelala peke yao? Neno hili lina ukweli, ingawa wengi wa wenye kulisema sijawaona wakibisha hodi kwa wastaafu hao.

Lililo zito kwangu ni desturi yetu sisi. Mwalimu wa chuo hufundisha kwa ajili ya Mungu. Jumatatu yuko, Jumanne hayuko, na watoto wamekaa mkekani wakimngoja. Akiulizwa hujibu, "Kwani nalipwa nini?" Kana kwamba kukosa mshahara ni ruhusa ya kukosa kazi!

Kijana alitimiza miezi yake kumi na miwili. Sasa asomesha hesabu chuoni kwetu kila Jumamosi, na sharti alilotupa kabla ya kuanza ni kwamba jina lake liandikwe katika daftari la mahudhurio, na siku akikosa aulizwe.