Babu, Umekula?

 

Ndugu zangu, Ijumaa mbili zilizopita wengi wenu mlikuwepo mzee wetu alipopepesuka katikati ya swala. Kanzu imelowa jasho mgongoni, mikono inatetemeka, ukimwita anakukodolea macho kama hakujui. Mmoja akanong'ona kuwa kapandwa na shetani. Mwingine akaanza kumsomea. Kijana mmoja muuguzi akapenya katikati yetu, akamwinamia na kumuuliza, "Babu, umekula?"

Hakuwa amekula. Alfajiri alimeza kidonge chake cha sukari, kisha akaiacha chai mezani ili awahi safu ya mbele. Muuguzi akahakikisha kwamba anaweza kumeza, akamnywesha soda kidogo kidogo. Haikupita nusu saa, babu akatuuliza swala imefika wapi.

Mwenyewe ameniruhusu niyaseme haya. Na kumsomea mgonjwa sikukatazi, ila kisomo na soda havigombani.

Kidonge kile ni glibenklamaidi. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, na kongosho likishasukumwa halingoji kuona kama tumboni mna kitu. Ukimeza ukakaa na njaa, sukari inaporomoka: jasho, kutetemeka, moyo mbio, kisha akili inapotea. Metformini ni jambo jingine. Yenyewe hulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu, na ikitumika peke yake ni nadra kumwangusha mtu namna ile. Kero yake ni tumbo kuchafuka wiki za mwanzo, ndiyo maana twaambiwa tuimeze na chakula. Wapo walioitupa kwa sababu ya kuharisha siku tatu, na laiti wangerudi kliniki wangepunguziwa kipimo. Hapa barazani nimewauliza watu wanameza dawa gani, wakanijibu: "Ile nyeupe." Jamani, nyeupe ziko ngapi? Jua jina la dawa yako. Na usimpe jirani kidonge chako kwa kuwa kimekufaa wewe, maana huijui hali ya figo zake, na metformini haifai kwa mtu ambaye figo zake zimechoka sana.

Nawaambia haya si kwa ujuzi. Na mimi ni mgonjwa wa sukari, mwaka wa tisa huu. Mwaka wa pili vipimo vilitulia, nikajiona nimepona, nikaacha dawa. Nilisema natawakali. Ukweli ni kwamba nilichoka. Tena nilisahau kuwa vipimo vilitulia kwa sababu ya dawa ileile niliyokuwa naiacha. Nyumba ikiwa haivuji, mtu haezui paa akisema mvua imekwisha.

Siku moja natawadha pale bombani, nikaona maji yanayotoka chini ya mguu wangu ni mekundu. Msumari ulikuwa umetoboa kandambili na kuingia kwenye unyayo, nami nimetembea nao kutoka nyumbani mpaka msikitini bila kusikia hata mchonyoto. Sukari ilikuwa imeshakula mishipa ya fahamu. Kidonda kile kilinikalisha ndani miezi minne. Sisi tunaosha miguu mara tano kwa siku; ni wangapi wanaotazama nyayo?

Mabedui walimwendea Mtume kumuuliza kama watafute dawa, naye akawaamuru watafute. Akatufundisha pia kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mola ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Mimi siku hizi, kila nikimeza kidonge cha asubuhi, naikumbuka hadithi hiyo ya pili.

Sasa atainuka mtu aseme dawa za hospitali ni kemikali, yeye ana mwarobaini, mlonge na habasoda. Sizidharau. Lakini hiyo metformini asili yake ni mmea, galega, ambao watu wa Ulaya waliutumia zama na zama. Mmea wenyewe ulikuwa na sumu. Wataalamu wakatafuta ndugu yake aliye salama, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akatangaza kwamba metformini inatibu sukari ya binadamu. Tofauti ya mti wako na kidonge changu ni kipimo, na sisi ndio tunaoamini kwamba Mwenyezi Mungu kila kitu amekiumba kwa kipimo.

Insulini nayo ina hofu zake. Wazee walikuwa wakiuliza: si inatoka kwa nguruwe? Swali lilikuwa la haki. Tangu ilipogunduliwa kule Toronto mwaka 1921, kwa miongo mingi ilitolewa kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Ila tangu mwaka 1982 iko insulini iliyo sawa na ya binadamu, inayotengenezwa kwa kutumia bakteria au hamira, na leo insulini nyingi hutengenezwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo mzazi asijifiche nyuma ya nguruwe. Mtoto ambaye kongosho lake halitoi insulini kabisa, ukimkatia sindano ukamnywesha kombe peke yake, ni siku chache tu utakuwa unamchimbia kaburi. Mnywesheni kombe mkitaka, na sindano mchomeni.

Na mtazame mnaitunza vipi. Nyumba moja niliyoitembelea wameiweka kwenye friza pamoja na samaki, imeganda jiwe. Insulini iliyoganda ni ya kutupwa, hata ikiyeyuka. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa hustahimili wiki nne hivi nje ya friji, mradi kisipigwe na joto kali. Pasipo umeme, bibi zetu walishatuonyesha: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Ukitia mkono mle ndani hata wakati wa kaskazi unasikia ubaridi.

Ramadhani ndiyo inayotutia mashakani. Wanazuoni wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walikutana Jeddah mwaka 1997, wakaamua kwamba sindano ya chini ya ngozi isiyo ya lishe haifunguzi, wala damu ya kupimwa haifunguzi. Basi usiache kujitoboa kidole eti unailinda swaumu. Kipimo cha sukari kikishuka chini ya 3.9 mmol/L, au kikipanda zaidi ya 16.7, fungua hapo hapo hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Mgonjwa amepewa ruhusa na aliyeifaradhisha swaumu yenyewe. Na daktari umwone tangu Rajabu akupangie dawa za futari na daku. Usisubiri mwezi uandame. Wengine atawaambia wasifunge kabisa, nao wamsikilize.

Mwenzako akikuangukia mkononi kama babu, na akawa anameza, mpe kitu cha sukari halisi, soda au sukari iliyokorogwa kwenye maji, kisha akipata nafuu ale. Akiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, tafuteni gari. Na wewe mwenyewe ukihisi sukari inashuka umo kwenye swala, ikate. Utairudia.

Babu yupo leo, safu ya pili, kando ya nguzo. Nilimuuliza mlangoni kama amekula, akanitajia mihogo, samaki na kikombe cha chai kavu. Mfukoni ana pipi tatu. Zilikuwa nne, moja ameombwa na mjukuu.