Wawili Wasiotajwa Majina

Jioni moja ya mwezi wa sita mimi na rafiki yangu tulikwenda kuvua kwenye bwawa la Hombolo, kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini, upande wa kaskazini mashariki. Bwawa lile lilijengwa mwaka 1957 kwa kuziba mto Kinyasungwe, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja. Mtu wa Dodoma akikuta maji mengi yametulia wakati wa kiangazi, husimama kuyatazama hata kama hana ndoano.

Wavuvi wa kazi wana nyavu na mitumbwi. Sisi tulikuwa na fito, mshipi wa nailoni, na kiboya kilichokatwa kwenye ndala kuukuu. Chambo kilikuwa minyoo, na ilipokwisha tukafinyanga ugali. Perege hudonoa: kiboya kinatikisika, kinatulia, kinatikisika tena. Ukivuta kwa pupa, unatoa ndoano tupu. Kambale hana adabu hizo; humeza na kuondoka. Perege wa kiganja tuliwarudisha majini, tukabaki na kambale wa kutosha mboga.

Giza lilipokaribia, rafiki yangu alisema, macho yakiwa kwenye kiboya: “Mchungaji, mdogo wangu anaumwa. Sijaenda kumwona.”

Nilijua habari yao. Tangu walipogawana ng'ombe wa marehemu baba yao, hawakuwa wanasalimiana. (Ameniruhusu niandike hivi.) Nilikuwa nimesubiri muda mrefu aseme neno, na sasa alikuwa amelisema. Sikumjibu upesi. Sisi wachungaji tuna haraka ya kufungua Biblia, na pengine haraka hiyo humfunga mtu kinywa. Alinyamaza, akatia chambo kingine, kisha akaendelea mwenyewe: nani alichukua ndama gani, nani alisema nini mbele ya wajomba, na jinsi mama yao alivyolia.

Kwa nini aliyasema pale, na si ofisini kwangu alikokuja mara nyingi? Ofisini viti vimeelekeana, na anayekaa hujiona kama yuko mbele ya baraza. Nimeanza kuvitilia shaka viti vile. Kando ya maji tulikuwa bega kwa bega, tukitazama upande mmoja, na hakuna aliyehitaji kuulinda uso wake.

Usiku ule nilisoma tena Yohana sura ya 21. Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu, anasema anakwenda kuvua. Wenzake wanasema nao watakwenda. Yohana anawataja: Tomaso, Nathanaeli, wana wa Zebedayo, kisha anaongeza wanafunzi wengine wawili bila kuwapa majina. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi nikikimbilia samaki 153. Safari hii nilibaki na wale wawili. Hatusomi kwamba walimhoji Petro habari ya kumkana Bwana katika ule ua wa kuhani mkuu. Walipanda chomboni wakakesha naye, na usiku kucha hawakupata kitu.

Asubuhi Yesu yuko ufukweni, na makaa yamekwisha kuwaka. Anawakaribisha kula kwanza. Swali kwa Petro linakuja baada ya chakula, nalo halihusu kosa, linahusu upendo. Je, umewahi kusamehewa hivyo, na mtu aliyekulisha kabla ya kukuuliza? Na wewe, unapotaka kupatana na mtu, ni kipi unachotanguliza?

Usidhani mambo ya rafiki yangu yamekwisha. Alikwenda kumwona mdogo wake. Wakazungumza mvua, bei ya alizeti, na mtoto anayesoma mbali. Ng'ombe hawakutajwa. Mtu mmoja kanisani aliposikia, alisema huo ni unafiki. Mimi sioni hivyo. Haki ya mali ile itahitaji mazungumzo, tena ya wazi, na wazee wa ukoo watakuwepo. Lakini ndugu waliokuwa hawasalimiani hawaanzii hapo. Kukaa kitanda kimoja na mgonjwa, ukamshikia kikombe cha uji, tayari ni kazi ya upendo, hata kama hesabu bado haijafungwa. Juma lililofuata alirudi tena, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa sababu kwenda mara ya kwanza mtu anaweza kusukumwa na hofu ya kifo.

Mpendwa, huenda unamjua mtu aliyebeba jambo zito na hasemi. Juma hili usimwite aje kwako akueleze. Mfuate anakokwenda, iwe shambani, mnadani au hospitalini kumwona ndugu, na umwombe akuruhusu umsindikize. Akinyamaza njia nzima, nyamaza naye, na kesho uende tena.