Je, Kupanga Uzazi ni Kumkosea Mungu Imani?



Mama mmoja, mwenye watoto watatu na wa nne tumboni, na huyo wa tatu bado hajasimama dede, aliniuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada: "Watoto hutoka kwa Mungu. Nikipanga, si nimekosa imani?" Swali hilo lastahili jibu la wazi.

Ni kweli, watoto ni zawadi ya Mungu. Mvua nayo ni zawadi yake, lakini hakuna mkulima aonaye dhambi kujua majira yake. Wazee wetu walilijua jambo hili. Waliogopa mtoto asibemendwe, na mke aliyejifungua alikaa kwa mamaye mpaka mtoto apate nguvu. Mila nyingi za namna hiyo tumeziacha, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Basi tujifunze. Kwa kawaida yai la mwanamke hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, nalo huishi siku moja tu. Mbegu za mume zaweza kuishi siku 5 mwilini mwa mke. Kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6 katika kila mzunguko. Lakini mizunguko hailingani, hivyo kuhesabu kwa kubahatisha kumewadanganya wengi. Kunyonyesha pia huzuia mimba, ila ni kwa miezi 6 ya kwanza tu, iwapo mtoto hunyonya usiku na mchana bila chakula kingine na hedhi haijarudi. Shirika la Afya Duniani hushauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Kanisa letu nalo limejifunza polepole. Maaskofu waliokutana Lambeth mwaka 1920 walionya vikali juu ya dawa na vifaa vya kuzuia mimba. Mwaka 1930 waliruhusu kwa masharti. Mwaka 1958 walitamka kwamba Mungu ameweka juu ya dhamiri za wazazi wajibu wa kuamua idadi ya watoto na nafasi kati yao, kwa njia ambayo mume na mke wote wawili wameikubali.

Angalieni neno hilo: wote wawili. Mume asemaye, "Hayo ni mambo ya wanawake," amemtwika mwenzake mzigo wa watu wawili. Na nyumba isiyojaliwa mtoto, mara nyingi mke huitwa tasa kabla mume hajapimwa, hali kasoro yaweza kuwa kwa yeyote kati yao. Huo si ujinga tu, ni dhuluma. Hana alilia hekaluni peke yake. Wake zetu wasilie hivyo.

Kupanga hakumfanyi mtu kuwa bwana wa uhai. Wengine hupanga na wasipate, na wengine hupata bila kupanga, na mtoto huyo ni wa kupokewa kwa furaha ile ile. Lakini wahenga walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mama yule nilimjibu kwamba imani haikatazi kufikiri. Nikamwomba siku ya kliniki aende na mumewe.