Mdai Asiye na Ushahidi

Liko suali linalowahusu ndugu zetu wa Kitale na Bungoma kama linavyowahusu watu wa pwani, nalo ni hili: mtu akikujia na madai, akakutisha kwa jina la haki na la sheria, je, uchaji Mungu ni kumtii upesi, au ni kumwuliza kwanza yeye ni nani na ushahidi wake uko wapi?

Sababu ya suali hili ni barua zinazoletwa siku hizi katika simu, kwa njia ya Messenger na WhatsApp na mfano wao. Mwenye ukurasa wa Facebook, akiwa ni mwimbaji wa Bungoma, au madrasa inayotangaza darsa zake, au mwenye duka wa Kitale, huletewa ujumbe wenye nembo na maneno ya kiofisi, kwamba ukurasa wake umevunja hakimiliki, na kwamba utafutwa baada ya saa 24 ila akibonyeza anwani aliyoandikiwa apeleke utetezi wake. Akibonyeza, hufika penye mlango uliopambwa ukafanana na ule wa kweli, akaulizwa neno lake la siri, kisha tarakimu 6 zilizoletwa katika simu yake. Akizitoa, amekwisha mkabidhi mwizi ufunguo. Haupiti muda ila ukurasa umeshikwa na mtu mwingine, na jamaa zake wanaombwa fedha za M-Pesa kwa jina lake.

Yatupasa tufahamu uwongo huu unapata wapi nguvu. Haki yenyewe si uwongo. Kenya inayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na iko Bodi ya kuisimamia. Na wanavyuoni wa Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu, walipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, waliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na Sharia, wala haijuzu kuzishambulia. Basi laghai hakuizua haki. Ameiazima nguo yake tu. Na kwa hivyo huwapata watu wema kabla ya wabaya. Asiyejali mali ya mwenziwe huufuta ujumbe ule akalala usingizi. Anayeogopa kula haki ya mtu ndiye anayetetemeka. Mimi naona hii ni dhulma juu ya dhulma, kuifanya khofu njema ya mtu kuwa ndiyo kitanzi cha kumnasia.

Lakini khofu si uchaji Mungu. Sura ya Hujurat, katika aya ya 6, imetuamrisha tuichunguze khabari aletayo fasiki kabla ya kutenda tutakalojutia. Na kila aliyesoma fiqhi, hata kidogo, anajua kuwa ushahidi ni juu ya mdai. Upime ujumbe ule kwa kanuni hii. Mdai wa kweli hujitaja, na huitaja kazi yake, na hukuonesha pahala ulipoitumia. Kwa sheria ya Kenya kama ilivyotengenezwa mwaka 2019, ilani ya kutaka kitu kiondolewe hupelekwa kwa maandishi kwa mwenye kutoa huduma ya mtandao, na anayeipeleka kwa uwongo amefanya kosa la jinai. Facebook nayo huiweka ilani ya namna hiyo ndani ya akaunti yako mwenyewe, haimtumi mgeni aje kukunong'oneza katika mazungumzo. Wala hakuna mdai wa haki duniani ambaye ushahidi wake ni neno lako la siri!

Wakulima wa Kitale hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mji wao ndio makao ya Kampuni ya Mbegu ya Kenya tangu mwaka 1956, na wamewahi kuona mbegu za bandia zikitiwa ndani ya mifuko yenye sura ya ile ya kweli. Sasa mkulima hukikwaruza kikaratasi kilichobandikwa juu ya pakiti, akaipata namba, akaipeleka kwa simu kwa KEPHIS, akajibiwa kama mbegu ile ni halali. Vipi basi mtu huyu huyu aupokee ujumbe wa asiyemjua bila ya kuukwaruza?

Wako watakaosema kuwa huku ni kuwadhania watu ubaya, na dhana mbaya ni dhambi. Sivyo. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye chungu ya chakula hakutosheka na ukavu wa juu, aliutia mkono wake ndani, na vidole vikapata majimaji. Kutia mkono si kutuhumu.

Limebaki jambo moja gumu zaidi. Kurasa zetu nyingi hutia kasida na mawaidha ya watu bila ya ruhusa yao, na mwenye ukurasa akitishwa hujiona kweli ana hatia. Huyu deni lake liko, lakini si la laghai. Asimpe chochote, amwandikie mwenye kazi, amtake radhi au aiondoe, kwani haki ya mja haifutiki kwa kuogopeshwa na mwizi.

Ama aliyekwisha hadaika, asifiche kwa kuona haya. Awaarifu jamaa zake siku ile ile, wasije wakatuma fedha, kisha aende polisi. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya mwaka 2018, kifungu cha 30, imemwekea mwenye kupeleka ujumbe wa namna hii faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.